Mbio za Kupokezana Hazijaisha

Ijumaa bado inaniwasha miguu. Nimestaafu tangu shule zilipofungwa, mke wangu amenitafutia kiti chenye mto, na kuku wamenizoea. Lakini ikifika Ijumaa asubuhi, saa ya paredi, siwezi kukaa. Naenda hadi kwenye uzio, nachungulia barabara ya shule, narudi, naenda tena. Mke wangu anasema kama nataka kuchimba mtaro nimwambie aniletee jembe, maana njia yenyewe nimeshaitia alama.

Ijumaa hii Mwalimu Neema, aliyerithi filimbi yangu, amenitumia ujumbe wa sauti. Kijana mmoja wa timu yake ya mpira wa wavu amegoma kucheza, hasemi sababu, na uongozi unataka aondolewe shuleni. "Shikamoo Mwalimu Mbwambo," anasema. "Sasa kwenye habari za wiki niandikeje? Niandike amegoma, au jina lake niliruke tu?" Nilianza kumjibu kwa sauti, maneno yakanikimbia, nikafuta. Nikachukua kalamu. Neema, na ninyi wengine mnaoanza kazi, nivumilieni. Jibu lipo, ila linaanzia mbali, na katikati nitasimama kunyoosha miguu.

Nilifika shuleni mwezi wa ukungu. Mimi ni Mpare wa Same, nimezaliwa juani, na hakuna aliyeniambia kwamba Karatu kuna asubuhi ambazo mtu haoni mkono wake. Nilishuka kwenye gari na shati la mikono mifupi, jambo lililowafurahisha wanafunzi juma zima. Mkuu wa shule wa wakati ule aliniuliza chuoni nilicheza nini. Nikasema mpira wa wavu. Akasema, "Basi wewe ndiye mwalimu wa michezo." Kuhusu jiografia, somo nililosomea, hakuniuliza neno.

Uwanja wenyewe ulikuwa nguzo mbili za mikaratusi kwenye vumbi jekundu. Wavu ulikuwa wa kuvulia samaki, ulinunuliwa kwa wavuvi wa Eyasi, na mvua ikinyesha ulinuka kambale. Ulilegea katikati. Kila mchezo ulianza kwa watu wawili kuvuta kamba huku wa tatu akisema bado, bado. Jifunzeni kufunga fundo la kamba kabla ya kujifunza sheria za mchezo, maana refa anaweza kukosea na mchezo ukaendelea, lakini wavu ukianguka mnakwenda kula.

Wanafunzi walikuwa wa namna mbili. Nusu walitoka upande wa mashamba, Endamarariek na vijiji vya jirani, watoto wa ngano na maharage. Nusu walitoka upande wa mifugo, Malambo, Soitsambu na kwingineko, wakifika muhula unapofunguliwa na shuka juu ya sare. Wote, bila ubaguzi, walitaka mpira wa miguu. Waliokuja kwangu ni waliokataliwa kule.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Baha, mwalimu wa Kiswahili, ambaye wakati huo yeye ndiye alikuwa anakaribia kustaafu. Aliwatazama vijana wangu wakikimbia mbali na mpira, akaniambia, "Andika majina yao, soma paredi, halafu bandika. Mtu akiona jina lake ukutani, kesho anakuja mapema." Hivyo ndivyo zilivyoanza habari za wiki: karatasi moja, kila Ijumaa, inasomwa mbele ya bendera kisha inabandikwa kando ya mlango wa bwalo, mahali ambapo hakuna mwenye njaa anayeweza kuikwepa.

Baha alinisahihisha kwa kalamu nyekundu kama vile mimi ni wa kidato cha kwanza. Nikiandika "shujaa wetu", anakata. "Shujaa ndiyo nini? Sema alipiga mpira ukaanguka wapi." Siku moja ukungu ulishuka katikati ya mchezo na wakufunzi wa huduma ya kwanza waliokuwa wametutembelea, mpira ukapotea hewani, tukarudi ndani. Tulikuwa nyuma kwa mbali, kwa hiyo niliandika tumeshindwa. Baha akakata. "Ulisikia filimbi ya mwisho?" Nikasema hapana. "Basi mchezo haujaisha. Andika haujaisha." Niliona ananisumbua tu. Niliandika.

Kuogelea kulikuja baadaye, na hakukuwa wazo langu. Juu ya barabara kuna loji ya watalii, na meneja wake alikuwa mama mwenye sauti ndogo na masharti makubwa. Wakati wa masika wageni ni wachache, bwawa linakaa bure. Akasema vijana waje Jumanne, kwa masharti: waoge kwanza, wasije na sabuni ndani ya bwawa, na siku mtu mmoja akizama hata kwa mzaha, ndiyo mwisho. Maji yale yalikuwa baridi ya kukata pumzi. Nimeona vijana wanaolala porini na ng'ombe wakitia kidole cha mguu na kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Kabla ya bwawa tulianza na karai. Kila kijana aliweka uso ndani ya karai la maji nyuma ya bwalo mpaka aache kuogopa. Kisha benchi: analala kifudifudi juu ya benchi la kulia chakula, anapiga miguu na mikono hewani, wapishi wanacheka. Mzazi mmoja wa Soitsambu alikuja akakuta mwanawe anaogelea juu ya benchi. Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, umewahi kumwona ng'ombe anaingia maji marefu kwa kupenda?" Nikamwambia kijana aendelee kupiga miguu.

Kwenye habari za wiki niliweka kanuni moja: jina halisomwi upande wa kuogelea mpaka mwenye jina amalize urefu wa bwawa bila kushika ukingo. Kwa muda mrefu upande huo ulikuwa mtupu. Halafu wakawa wawili, wakaja kuwa wanne. Wawili kati ya hao wanne ndio ninaotaka kuwaeleza, maana hao ndio jibu la Neema.

Lemayan alikuwa wa Malambo, mrefu, amekwishaingia rika la moran kwao, kidato cha tatu. Boay alikuwa Mwiraqw wa Endamarariek, mfupi kidogo, mabega mapana, mtoto wa mzee wa kanisa. Kwenye wavu Lemayan aliinua mpira na Boay akaupiga. Hawakuhitaji hata kuitana. Walikula sahani moja na walinywea kikombe kimoja. Ukimtafuta mmoja, ulimwita mwingine.

Masika ile meneja alikubali tufanye mashindano bwawani kwake siku ya Jumamosi, na shule moja ya Arusha ikaahidi kuja. Mbio kubwa zilikuwa za kupokezana: watu wanne, kila mmoja anakwenda na kurudi, anagusa ukuta, anayefuata anaruka. Sisi tulikuwa na wanne hasa, hakuna wa akiba. Lemayan wa tatu, Boay wa mwisho. Mkuu wa shule, huyu sasa ni mwingine, mtu wa nidhamu na viatu vinavyong'aa hata kwenye tope, alikuwa amekwishaalika maofisa.

Siku chache kabla, Boay aliitwa nyumbani. Mdogo wake wa mwisho, mtoto aliyekuwa bado ananyonya, alikuwa amefariki. Alizika, akarudi. Lemayan alimsubiri getini, akampeleka bwaloni, akamimina chai kwenye kikombe chao, akampa. Boay alikisukuma pembeni kwa ncha ya vidole.

Tangu hapo alikula peke yake. Alikuwa na kikombe chake kipya na ndoo yake, alichota maji wa mwisho, na alikaa ukutani nyuma ya bwalo. Kwenye uwanja Lemayan aliacha kumwinulia mpira. Nilimwita Lemayan nikamuuliza.

"Mwalimu, kwetu mtu wa rika langu hanywi maziwa peke yake," alisema. "Hata awe na kiu namna gani, anatafuta mwenzake. Anayekula peke yake, anakukataa. Mimi nilikwenda kumpa pole, yeye akanikataa mbele za watu."

"Ana msiba, Lemayan."

"Kwa hiyo msiba ndiyo unafukuza watu?"

Nilihisi kuna kitu nisichokiona. Vijana wa Kiiraqw bwenini walikuwa kimya isivyo kawaida, na vitanda vyao, niliona nilipopita kukagua, vilikuwa vimesogea kidogo kutoka kwa kitanda cha Boay. Niliwauliza. Wakasema bwenini kunavuja. Hakukuwa na hata tone.

Ijumaa nilisoma habari za wiki, nikataja majina ya wanne na mpangilio wao. Boay akanyoosha mkono mbele ya shule nzima. "Samahani mwalimu. Mimi siingii majini." Mkuu akauliza kwa nini. "Siwezi, Mkuu." Akauliza tena, kwa sauti ile. "Siwezi." Hakuwa na kiburi. Alikuwa anatetemeka, na nilikuwa karibu kiasi cha kuona. Lakini paredi haioni kutetemeka, inasikia neno tu. Mkuu akasema asipoogelea kesho, Jumatatu mzazi wake aje, na kijana abebe godoro lake aondoke.

Sijawahi kuwa mtu wa kukaa nikisubiri Jumatatu. Baada ya kipindi changu nilichukua pikipiki, nikaenda Endamarariek kwenye mvua. Kuna mahali mimi na dereva tulisukuma pikipiki zaidi ya ilivyotubeba. Nilipofika, baba yake Boay alinisimamisha mbali na mlango. Hakunikaribisha ndani, jambo ambalo kwa watu wale si la kawaida hata kidogo, na mimi nilikuwa nimelowa kama kifaranga.

"Samahani mwalimu," alisema. "Leo sitakupa hata maji."

Akanieleza tukiwa tumesimama pale, yeye upande wa mashina ya mahindi, mimi barabarani. Mtoto mchanga akifa, nyumba inajitenga. Wao wanaita metimani. Watu wa nyumba hiyo hawachangii chombo, wala moto, wala maji na wengine, mpaka mwezi uandame na nyumba isafishwe, ili mkosi usimfuate mtu mwingine. "Mimi ni mzee wa kanisa, mwalimu, najua nitaulizwa. Lakini mama yangu yupo hai, na hii nyumba ni yake. Boay alitaka kubaki nyumbani, mimi nikasema mtihani hautamsubiri. Bibi yake akamruhusu kwa sharti: kikombe chake, ndoo yake, na asiingie kwenye maji waliyomo wenzake."

"Mbona hakusema?"

"Akisema, nani atalala karibu naye? Na wewe usiseme, nakuomba. Siku hizi wengine watacheka, wengine watakimbia. Yote mawili yataniumizia mtoto."

Nilimwahidi. Nilirudi nikiwa na hasira ambayo haikuwa na mwenyewe. Kijana alikuwa anawalinda wale wale waliomwona amewadharau, na kama angeingia majini kuokoa godoro lake, angekuwa na hakika ndani ya moyo wake kwamba amemtia Lemayan hatarini. Mimi siamini mambo ya mkosi. Lakini si mimi niliyekuwa naambiwa niruke.

Mkuu alinikuta nakamua soksi. "Umefika kwao?"

"Nimefika. Nimeridhika, Mkuu. Naomba asiguswe."

"Umeridhika na nini?"

"Nimeahidi kutosema."

"Mimi sikuahidi kitu," alisema. "Jumatatu."

Jumamosi wageni walikuja, maofisa wakapewa viti, mvua ikasita. Wa kwanza wetu aliogelea vizuri, wa pili alikunywa maji mengi kuliko aliyoyasukuma. Lemayan akaruka kama anamfukuza mtu. Akaenda, akarudi, akagusa ukuta, akainua kichwa. Juu yake hapakuwa na mtu. Boay alikuwa amesimama kwenye nyasi, mbali, na sare yake kamili, mikono nyuma. Lemayan alibaki ameshika ukuta ule akimwangalia mpaka wageni wa Arusha walipomaliza wote na kuanza kupiga makofi. Nilitaka kukimbia, sijui wapi.

Alipotoka alinijia akitiririka maji. "Mwalimu, wewe ulikwenda kwao. Amenikosea nini?"

"Siwezi kukuambia. Kamuulize mwenyewe. Lakini usimuulize amekukataa kwa nini. Muulize anaogopa nini kikupate."

Aliniangalia kama nimempa hesabu, akaenda. Niliwaona wakisimama nyuma ya gari la shule, wameachana kwa mwendo wa hatua kadhaa, Boay akizungumza huku anatazama chini. Mtu ambaye kwao kuna sheria hata ya nani anywe maziwa na nani, hahitaji maelezo mengi. Mazungumzo hayakuchukua muda.

Jumapili, chakula cha mchana, ilikuwa makande. Boay alikaa ukutani kwake. Lemayan akachukua sahani yake na kikombe chake, akatoka nje, akakaa chini akimtazama, akaacha nafasi kati yao ambayo kitanda kingeenea. Hakumkaribia. Akasubiri mpaka Boay aliponyanyua kijiko, naye akanyanyua chake. Walikula hivyo, kila mtu na chombo chake, na hakuna aliyekula peke yake. Baadaye wachezaji wengine wa wavu wakatoka mmoja mmoja na sahani zao wakakaa upande wa Lemayan. Mpishi akaniuliza kama ndani kunavuja. Nikasema ndiyo.

Jumatatu godoro lilikuwa limekunjwa nje ya ofisi na baba yake Boay amefika kwa miguu. Mkuu, pamoja na ukali wake, hakuwa mtu wa kukosa adabu kwa mzazi. Alimpa kiti, baba akasema atasimama, na Boay akasimama kando yake. Akamwagizia chai, ikaja, baba hakuigusa. Akamwambia, "Mzee, kunywa, umetoka mbali." Baba akarudi nyuma hatua moja. Mimi nilikuwa mlangoni, nimefunga mdomo kwa nguvu zote.

Kumbe Mkuu alianzia kazi Mbulu. Sikulijua hilo. Alikitazama kikombe, akawatazama baba na mwana waliosimama mbali na meza, na nikauona uso wake ukibadilika polepole. Akakifunika kile kikombe kwa kisahani.

"Ni yule mdogo?" aliuliza.

"Ndiyo, Mkuu. Alikuwa ananyonya."

"Poleni sana." Akanigeukia. "Mwalimu Mbwambo, hili godoro linafanya nini nje na mvua hii? Lirudi bwenini."

Nilishukuru nikaenda nyuma ya maabara nikatembea pale mpaka nilipotulia. Sioni aibu kusema nililia kidogo.

Lakini Ijumaa ilikuwa inakuja, na habari za wiki zilitaka neno. Nikiandika tumeshindwa kwa sababu Boay hakuruka, nimembandika ukutani kando ya mlango wa bwalo. Nikimruka, nimesema hakuwepo, na alikuwepo, kwa kusimama kwake kwenye nyasi, kuliko wote waliokaa vitini. Nilizunguka uwanja wa wavu sijui mara ngapi. Ndipo nikamkumbuka Baha na ukungu wake. Nikasoma mbele ya bendera: "Mbio za kupokezana. Lemayan amegusa ukuta. Mbio hazijaisha."

Vijana walicheka. Makamu wa Mkuu alininong'oneza kwamba Arusha wameshafika nyumbani na kikombe. Mkuu alikohoa, akatazama viatu vyake. Ijumaa iliyofuata nikasoma tena: hazijaisha. Na iliyofuata. Ikawa utani wa shule. Mtu akichelewa kumaliza ugali anasema mbio hazijaisha. Boay hakucheka, ila kila Ijumaa alikuwa anasimama mstari wa mbele.

Halafu asubuhi moja alinijia ofisini bila kubisha hodi sawasawa. "Mwalimu, nyumba imesafishwa. Bibi amesema naweza." Mkononi alikuwa ameshika kile kikombe chake kipya, hajui akifanye nini. Nikakichukua. Ndicho ninachowekea kalamu hizi mpaka leo.

Jumanne meneja alitufungulia bwawa. Nilisema Boay aruke amalize sehemu yake, basi. Lemayan akakataa. "Ataruka vipi, mwalimu, na hakuna aliyegusa?" Akaingia majini, akaogelea upya sehemu yake yote, kwenda na kurudi, kwenye baridi ile. Boay alisimama juu ya ukingo, vidole vya miguu vimekunjika kwenye jiwe. Lemayan akagusa ukuta chini ya miguu yake, akainua kichwa, safari hii akamkuta mtu. Boay akaruka, ndani ya maji yale yale.

Ijumaa nilisoma: "Mbio za kupokezana zimekwisha. Boay amemaliza. Shule yetu imekuwa ya mwisho." Sijawahi kusikia shule ikishangilia nafasi ya mwisho namna ile. Mchana niliwakuta bwaloni wananywa chai, na kikombe kilikuwa kimoja.

Kwa hiyo, Mwalimu Neema. Sijui kijana wako ana nini. Huenda ni uvivu tu, wapo, nimewafundisha wengi. Lakini usiandike amegoma, na usimruke. Andika jina lake na uandike haijaisha. Halafu usikae. Vaa viatu vya tope uende kwao leo kabla ya Jumatatu yao, na wasipokukaribisha ndani, simama hapo hapo barabarani mpaka ujue kwa nini.

Mimi nakusubiri kwenye uzio. Kama pikipiki ina nafasi, nipitie.